Alan Cobham na Mazoea ya Anga

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akipewa sentensi mbili, "Ndege ametua" na "Ndege imetua", hutambua mara moja kwamba nomino ni moja lakini vinavyotajwa ni viwili. Upatanisho wa kisarufi peke yake ndio unaomtenga kiumbe mwenye mabawa na manyoya na chombo chenye injini na abiria. Matumizi haya yamekwisha kuwa ya kawaida kiasi kwamba msemaji wa leo hahisi kuwa anatumia sitiari. Hata hivyo, ulikuwapo wakati ambapo chombo hicho kilikuwa ajabu, na watu waliacha majembe yao, wakatoka madukani na madarasani, ili wakitazame kikipita.

Mhadhara huu unachunguza namna ajabu hiyo ilivyogeuzwa kuwa jambo la kila siku, kwa kufuata maisha ya mtu mmoja aliyejitolea kwa kazi hiyo kuliko wengi wa rika lake, yaani Alan John Cobham wa Uingereza. Jina lake hutajwa kwa kawaida miongoni mwa marubani wa masafa marefu. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kazi yake kubwa zaidi haikuwa kufika mbali, bali kuwazoesha watu anga. Kwa nchi za Afrika Mashariki historia hiyo ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa njia aliyoichunguza ilipita katika maziwa na miji yake, ingawa wenyeji wa nchi hizo hawakualikwa kuitumia.

Kutoka kikosi cha farasi hadi uwanja wa ndege

Cobham alizaliwa tarehe 6 Mei 1894 katika mtaa wa Camberwell, London. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi katika kikosi cha matabibu wa wanyama, akapelekwa Ufaransa kuhudumia farasi. Mwishoni mwa vita alihamia katika kikosi cha ndege, akawa mkufunzi wa marubani.

Amani iliporudi mwaka 1918, marubani walikuwa wengi kuliko kazi, na ndege za kivita zilizobaki ziliuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 1919 Cobham aliungana na kampuni ndogo iliyozunguka miji ya Uingereza ikiwarusha watu kwa muda mfupi kwa malipo. Ndege ilitua katika shamba lililokodiwa, umati ukakusanyika, na waliothubutu wakapanda. Katika kazi hiyo alijifunza mambo ambayo hayakufundishwa katika shule yoyote ya urubani: kuchagua uwanja, kupatana na mwenye shamba, kuvuta watu na kuituliza hofu ya mtu anayepanda kwa mara ya kwanza. Baadaye aliingia katika upigaji picha kutoka angani, na kuanzia mwaka 1921 akawa rubani wa ndege za kukodi katika kampuni ya de Havilland. Mwaka 1922 alimwoa mwigizaji Gladys Lloyd, ambaye baadaye alifuatana naye katika mojawapo ya safari zake kubwa. Mwaka 1924 alishinda mashindano ya ndege ya Kombe la Mfalme.

Safari za masafa marefu

Kati ya mwaka 1924 na 1926 Cobham alifanya safari tatu zilizomfanya ajulikane duniani, zote kwa ndege moja ya aina ya DH.50. Ya kwanza ilikuwa ya kwenda Rangoon, huko Burma, na kurudi. Abiria wake alikuwa Sir Sefton Brancker, Mkurugenzi wa Usafiri wa Anga wa Kiraia wa Uingereza, na fundi mitambo alikuwa Arthur Elliott. Lengo lilikuwa kupima kama njia ya kudumu ya ndege ingewezekana.

Safari ya pili ilianza Novemba 1925, kwenda Cape Town. Pamoja na Elliott, Cobham alimchukua mpiga picha za sinema, B.W.G. Emmott. Uamuzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika ndege ndogo ambamo kila ratili ya uzito ilihesabiwa, nafasi ya mtu mzima mmoja ilitolewa kwa kamera. Cobham alitaka safari ionwe na watu ambao hawangeweza kwenda. Ndege ilifuata mto Nile, ikapita Kisumu, Tabora na Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ikafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Wakati wa kurudi iliondoka siku moja na meli ya barua iliyokuwa ikielekea Uingereza, ikatangulia kufika tarehe 13 Machi. Ushindani huo na meli ulieleweka hata na mtu asiyejua lolote kuhusu mitambo.

Safari ya tatu, ya Australia, iliondoka katika mto Medway tarehe 30 Juni 1926, ndege ikiwa imefungwa maboya ili itue majini. Ilipokuwa ikiruka chini kati ya Baghdad na Basra, katika hewa iliyojaa vumbi, risasi ilipigwa kutoka ardhini ikampata Elliott. Alifariki Basra. Cobham alikaribia kuiacha safari, lakini akaendelea na fundi mwingine aliyetolewa na jeshi la anga la Uingereza, Sajini Ward. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo alitua juu ya mto Thames, mbele ya majengo ya Bunge, huku kingo za mto zikiwa zimejaa watu. Mwaka huohuo alipewa daraja la heshima na kuanza kuitwa Sir Alan. Yule aliyezitunza injini katika safari zote hizo hakuwapo kuishuhudia siku hiyo.

Njia ya anga na viwanja vya Afrika

Ni kosa kudhani kwamba Cobham ndiye aliyeileta ndege Afrika Mashariki. Tangu mwishoni mwa mwaka 1914 ndege za jeshi la majini la Uingereza zilitumiwa kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, na mwaka 1915 ndege zilizotumia kisiwa cha Mafia kama kituo zilielekeza mizinga iliyoiangamiza. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilituma vikosi vya kutayarisha viwanja kati ya Cairo na Cape Town. Februari 1920 ndege ya aina ya Vickers Vimy iliyojaribu njia hiyo ilianguka Tabora, safari yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo mkazi wa Mafia au wa Tabora alikwisha kuijua ndege kabla ya Cobham, lakini aliijua kama silaha au kama chombo kilichovunjika. Zaidi ya hayo, aliijua kama kazi. Viwanja havikujitengeneza. Miti ilikatwa, mashimo yakafukiwa, na vichuguu, ambavyo katika sehemu nyingi za nyanda za kati ni vikubwa kama nyumba, vikabomolewa na kusawazishwa kwa mikono ya Waafrika. Rubani aliyeshangiliwa London alitua juu ya jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Cobham alirudi Afrika mwezi Novemba 1927, mara hii kwa ndege kubwa ya aina ya Short Singapore, ambayo tumbo lake lilikuwa kama la mashua, ikiondoka na kutua majini. Hoja yake ilikuwa nyepesi: bara lenye maziwa makuu halihitaji kusubiri viwanja vyote vikamilike. Akiwa na mkewe na mafundi wake, alipita Nile, maziwa makuu na pwani ya mashariki hadi Cape Town, kisha akarudi kwa pwani ya magharibi, na kufika Uingereza katikati ya mwaka 1928. Safari hiyo ilikuwa na urefu wa takriban maili 20,000.

Tamaa yake ya kuanzisha kampuni ya ndege katika Afrika haikutimia kama alivyotaka. Haki alizokuwa amezipata pamoja na washirika wake zilinunuliwa mwaka 1930 na Imperial Airways, kampuni iliyopewa ruzuku na serikali. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni hiyo ilianzisha huduma ya barua kutoka London hadi Mwanza, na Januari 1932 huduma hiyo ikafikishwa Cape Town. Mwaka 1937 ndege za majini za kampuni hiyo zilianza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Barua za makoloni zilisafiri, na wakubwa wa makoloni wakasafiri. Mwenyeji wa Mwanza au Lindi aliweza kubeba mizigo, kufagia uwanja au kupiga makasia ya mashua iliyowapeleka abiria. Kiti ndani ya ndege hakikuwa chake.

Maonyesho ya ndege

Nyumbani kwake, Cobham alikabiliwa na tatizo la namna nyingine. Waingereza walimshangilia rubani, lakini hawakufikiri kwamba wao wenyewe wangesafiri kwa ndege. Miji mingi haikuwa na kiwanja, na madiwani hawakuona sababu ya kutumia fedha za umma kwa jambo hilo. Mwaka 1929, kati ya Mei na Oktoba, Cobham alizunguka miji 110 kwa ndege ya abiria kumi aliyoiita "Youth of Britain", yaani vijana wa Uingereza. Katika kila mji aliwarusha mameya na madiwani ili waione miji yao kutoka juu, akawaonyesha mahali ambapo kiwanja kingefaa. Kwa msaada wa tajiri Sir Charles Wakefield, watoto wa shule wapatao 10,000 walirushwa bila malipo. Alimlenga diwani kwa sababu ndiye mwenye kutoa ardhi, na mtoto kwa sababu ndiye abiria wa kesho.

Kutokana na ziara hiyo yalizaliwa maonyesho yaliyolifanya jina lake lijulikane katika kila kijiji. Tarehe 12 Aprili 1932, huko Hanworth karibu na London, alifungua maonyesho aliyoyaita Siku ya Taifa ya Usafiri wa Anga. Wananchi hawakulikubali jina hilo refu. Waliyaita sarakasi ya ndege ya Cobham, na jina la wananchi ndilo lililodumu. Msafara ulikuwa na ndege za aina nyingi, marubani, mafundi, magari ya mafuta, mahema na vipaza sauti. Ulihama karibu kila siku kwa miezi sita ya majira ya joto. Watazamaji waliona ndege zikipinduka angani, ndege zikiruka kwa kufuatana kama kundi moja, watu wakitembea juu ya mabawa, wengine wakiruka kwa mwavuli, na mifuko ya unga ikidondoshwa juu ya gari lililokuwa likikimbia uwanjani.

Yote hayo yalikuwa chambo. Kiini cha shughuli kilikuwa foleni ya watu waliosubiri kupanda. Kwa shilingi tano mtu aliweza kurushwa kwa dakika chache juu ya mji wake. Cobham aliagiza kutoka kampuni changa ya Airspeed ndege mbili za injini tatu, kila moja ya abiria kumi, zilizobuniwa mahususi kwa kupanda na kushuka mara nyingi katika viwanja vidogo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1932 na 1933 alipeleka msafara Afrika Kusini. Hadi alipoyafunga mwishoni mwa msimu wa mwaka 1935, maonyesho yalikuwa yametazamwa na mamilioni ya watu. Wengi wa Waingereza waliokuja kuwa marubani katika Vita Kuu ya Pili walikiri kwamba mara yao ya kwanza kuiacha ardhi ilikuwa katika ndege ya Cobham.

Gharama ya burudani

Haitakuwa haki kuisimulia historia hii kama sherehe tupu. Mtu anayetaka kuwathibitishia watu kwamba anga ni salama, na papo hapo anawavuta kwa kuwaonyesha hatari, amejiwekea mgongano ambao hawezi kuuepuka. Kwa jumla Cobham alikuwa mkali katika usalama, na idadi ya abiria waliorushwa bila madhara ilikuwa kubwa mno. Lakini tarehe 7 Septemba 1935, juu ya mji wa Blackpool, ndege mbili za maonyesho ziligongana. Watu watatu walikufa, rubani mmoja na abiria wake wawili waliokuwa wamelipa ili waufurahie mji wao kutoka juu.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 22 Septemba 1934, Cobham alikuwa amejaribu kuruka hadi India bila kutua, akijaziwa mafuta angani njiani. Hitilafu ndogo katika mtambo wa kuendeshea injini ilimlazimisha kutua kwa dharura Malta. Siku hiyohiyo ndege iliyokuwa imempa mafuta juu ya Uingereza ilianguka huko Aston Clinton ikiwa njiani kurejea kwenye maonyesho, na watu wanne waliokuwamo wakafa. Wafuasi wa Cobham walizoea kusema kwamba maendeleo hudai sadaka. Mwanahistoria hana budi kuuliza sadaka hiyo ilitolewa na nani, na sifa ikaenda kwa nani. Elliott, abiria wa Blackpool, watu wanne wa Aston Clinton na wasawazishaji wa vichuguu wote wako upande mmoja wa daftari hilo.

Mafuta angani

Cobham hakuliacha wazo la kujaza mafuta angani. Oktoba 1934 alisajili kampuni ya Flight Refuelling. Mantiki yake ilikuwa kwamba ndege hutumia nguvu nyingi zaidi inapoondoka ardhini, hivyo mafuta mengi huizuia kubeba abiria na mizigo. Ikiondoka na mafuta machache kisha ikaongezewa juu kwa mpira mrefu kutoka ndege nyingine, itabeba zaidi na kufika mbali zaidi. Kuanzia Agosti 1939 mbinu hiyo ilitumiwa katika safari za majaribio za barua kuvuka Atlantiki, hadi vita vilipozikatiza.

Baada ya vita, jeshi la anga la Marekani lilinunua vifaa vyake. Kati ya tarehe 26 Februari na 2 Machi 1949, ndege ya Kimarekani Lucky Lady II iliizunguka dunia bila kutua, ikijaziwa mafuta angani mara nne. Mwaka huohuo kampuni ya Cobham ilikamilisha mbinu bora zaidi, ambapo ndege inayopokea huchomeka bomba lake katika kikapu kilicho mwishoni mwa mpira, na mbinu hiyo ingali ikitumiwa na majeshi mengi. Mtu aliyetaka anga iwe barabara ya raia alikuta uvumbuzi wake mkubwa kabisa ukichukuliwa na wapiganaji. Alifariki tarehe 21 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 79.

Lugha na mazoea

Historia hii inamfundisha nini mwanafunzi wa lugha? Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1928, Cobham alipokamilisha kulizunguka bara, ndio mwaka ambao mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi Januari 1930. Njia ya anga na usanifishaji wa lugha vilikuwa mikakati ya kipindi kimoja, na vyote viwili vilipangwa na utawala wa kikoloni kwa manufaa yake. Lakini msamiati wa anga haukusubiri kamati.

Neno "ndege" katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kiumbe arukaye, na pia maana ya dalili au bahati, ndiyo maana wazee walisema "ndege njema" na "ndege mbaya". Neno la mkopo "eropleni" lilikuwapo na lilitumika, lakini "ndege" lilishinda. Wasemaji walichukua jina la kiumbe wanayemjua, wakaligawa kwa upatanisho: huyu na hii. "Kutua", lililotumika kwa mzigo kichwani na kwa ndege mtini, likatosha. "Kiwanja" kilikuwapo. "Rubani", neno lenye asili ya Kiarabu lililomhusu kiongozi wa njia ya chombo baharini, likapanda angani, ilhali mwenzake "nahodha" alibaki melini na baadaye akaingia katika uwanja wa mpira kuongoza timu. "Abiria" alihama kutoka jahazini bila kubadili jina.

Orodha hiyo inaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakukichukulia chombo kipya kama kitu kisicho na mfano. Walikiweka palepale walipoweka ndege wa porini, mizigo ya wapagazi na vyombo vya bahari. Walifanya hivyo wakiwa nje ya uzio wa uwanja, miaka mingi kabla ya wengi wao kupata tikiti. Waingereza walizoeshwa anga kwa shilingi tano na mtu aliyejua kuvuta umati. Waswahili walijizoesha wenyewe, kwa njia pekee waliyoachiwa, yaani kwa kukipa kitu jina na kukitia katika sarufi yao.

Hitimisho

Cobham aliamini kwamba ndege itakuwa mali ya watu siku itakapoacha kuwashangaza. Kwa imani hiyo alistahili heshima aliyopewa, na kwa imani hiyohiyo anastahili kuhojiwa, kwa kuwa "watu" aliowakusudia hawakuwa watu wote. Watafiti wa historia ya Kiswahili wana kazi mbele yao katika kukusanya kumbukumbu za wazee wa Mwanza, Tabora, Kisumu, Mafia na Lindi kuhusu viwanja vya kwanza, na maneno waliyoyatumia kabla "ndege" haijalishinda "eropleni". Walioiona miaka hiyo kwa macho yao ni wachache mno sasa, na kilichobaki kimo katika masimulizi ya watoto na wajukuu wao. Kazi hiyo haifai kuahirishwa.